Vyumba vya Nyuma ku Buholo

Bukavu, tarehe 2 Oktoba 2022

Placide mudogo yangu,

Nakusalimia sana, wewe na bibi yako Carine, na mutoto wetu Elodie. Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Nikisema "sisi" usiulize ni nani: ni mimi, kuku tatu, na redio. Goti la kushoto linauma wakati wa mvula, na mvula imeanza, basi linauma. Wanafunzi wangu wa zamani wananipita mu njia, wanasema "Bonjour Madame" na wanaenda zao. Mumoja wao, yule mwenye nilimufundisha kushika bic, sasa ni padri. Nikienda kuungama naogopa atanipatia pointi.

Utacheka juu naandika barua na watu wote wako na telefone. Nitakuambia. Ku telefone unasema, "Yaya, niko kazini, nitakuita kisha," na hiyo kisha yako haifikake. Ku barua hauwezi kunikata. Virginie, yule mama mwenye anafanya biashara ya vitenge mupaka Kigali, atapatia barua hii mutu mwenye anapanda ndege. Anasema kwa juma mbili iko kwako. Nimemushukuru na sahani ya sambaza, zile samaki ndogo za ziwa.

Martine, binamu wetu, binti ya tonton, bado iko kule kijijini Nyantende. Amezaa mutoto wa tano na anasema ni wa mwisho, vile alisema ku wa tatu. Nyumba iko muzima. Mabati ya upande wa barabara yalikuwa yanalia ku upepo, nikaita fundi, akapiga misumari. Chumba chako nafagia kila Jumamosi.

Sasa neno lenye limenifanya niandike. Noeli iko karibu. Wakati wa matanga ya Mama haukuweza kufika, ukasema utakuja Noeli ya kufuata. Miaka sita sasa nahesabu Noeli za kufuata. Tangu utoke hapa ni miaka kumi na nane, Placide! Siombi zawadi. Njoo tu ukae juma mbili, ulale mu nyumba ya baba yako. Nitachinja kuku mbili, ya tatu nitaiacha iendelee kunisumbua. Niandikie ndiyo ao hapana. Nilifundisha miaka makumi tatu na ine, majibu yote mawili najua kuyasoma.

Yaya yako,
Bibiane


Liège, tarehe 30 Oktoba 2022

Yaya mupenzi,

Barua yako ilinifikia juzi, nikaisoma mara mbili mu bus na nikapita arrêt yangu ya kushuka. Aksanti sana. Carine anakusalimia, anasema ataandika. Elodie amekuwa mukubwa, iko na miaka kumi na tatu, anavaa viatu vya namba sawa na vya mama yake. Baridi imeanza kutuuma. Kazi iko tu. Pole sana ya goti, ujaribu kulipaka mafuta ya moto.

Yaya, na wewe sitazungusha maneno. Noeli hii sitaweza. Likizo hawajanipatia, na tikiti za ndege ku siku kuu hazishikiki.

Lakini kuna neno nimewaza. Wewe peke yako mu vyumba saba, na zile ngazi za mutaa wetu wa Buholo. Hauchoki? Naona tuuzishe nyumba. Desemba njo wakati wake: watu wa huku wanarudi kufanya Noeli na Bonané ya mwaka mupya kwao, wako na feza na wako na furaha, wananunua mbio. Nilisema na komisionere mumoja wa kule, dalali wa nyumba, jina lake Dany. Atapita kupiga picha. Mu enveloppe hii utakuta procuration, niliitengeneza ku ambassade. Nimeweka jina lako, unaweza kusaini kwa sisi wawili. Nusu yako, nusu yangu. Utapanga nyumba ndogo ya chini karibu na parokia, bila ngazi.

Usinikasirikie. Nimesema na Carine na yeye anakubali.

Mudogo yako,
Placide


Bukavu, tarehe 22 Novemba 2022

Placide,

Salamu kwako na kwa watu wa nyumba yako. Mimi niko muzima. Umeme ulikuwa siku mbili ukaenda tatu. Watu wote wako mu Kombe la Dunia, ku jirani wanapiga kelele mupaka kuku zangu zimeacha kutaga. Ku parokia wameanza kujifunza nyimbo za Noeli. Mimi nilitoka mu korali juu sauti imepasuka, lakini nakaa ku benchi ya nyuma nasikiliza, na wakikosea nakohoa. Wananijua.

Avocat ya mbele ya nyumba, muti wetu wa parachichi, imezaa sana mwaka huu. Nagawia watu, na zingine zinaanguka tu. Mutu mumoja anaweza kula avocat ngapi?

Mwezi wa nane nilimutumia Carine sombe ya kukausha, majani ya muhogo wetu. Aliipenda? Hakuniandikia kitu. Mu barua yako jina la Carine limepita mara mbili, lakini sauti yake sijaisikia tangu zamani. Umuambie mimi sing'ati.

Procuration yako nimeipata. Nimeiweka mu Biblia, kule haitapotea na haitatumika.

Dany wako alikuja. Viatu vyake viko na ncha ya kuchoma mutu. Alipiga picha ya salon, ya mulango wa mbele, na yangu mimi bila kuniomba ruhusa. Akauliza, "Na vyumba vya nyuma, Maman?" Nikamuambia ufunguo wa koridori ulipotea. Akataka kusogeza kabati yenye iko mbele ya mulango. Nikamuambia ile kabati ni ya mama yangu, na mama yangu hakupenda watu wa haraka. Akaenda.

Juu ya kuuzisha sina jibu. Jibu lako la Noeli nimelisoma.

Bibiane


Liège, tarehe 10 Desemba 2022

Yaya mupenzi,

Huku theluji imeanguka, muji wote umenyamaza. Carine na Elodie wanakutakia Noeli njema. Carine anasema sombe ilikuwa tamu sana.

Habari moja nzuri: rafiki zangu wawili, Steve na bibi yake Ghislaine, watakuwa Bukavu ku siku kuu. Ni watu wa kwetu, wa Nyangezi, wanakaa Namur. Watapita kukusalimia siku ya Noeli, kisha misa. Uwapokee vizuri, Yaya. Uwaonyeshe nyumba, wanapenda nyumba za zamani. Tafuta ule ufunguo, tafazali.

Sisi tutakula Noeli pamoja ku nyumba, vile kila mwaka. Nitakuwaza.

Placide


Bukavu, tarehe 27 Desemba 2022

Placide,

Barua hii nitaipatia wageni wako wenyewe, watapanda ndege kesho kutwa. Nimeifunga na gundi mara tatu. Leo salamu ni fupi: niko hai.

Nilipopata barua yako niliruka, na goti langu hili. Wageni wa mudogo yangu! Niliambia kila mutu. Niliambia padri. Niliazima viti vine kwa Zagabe, jirani mwenye depo ya simenti. Nikatoa kitambaa cha meza cha Mama, chenye maua, nikakipiga pasi ya makala. Tangu Mama afe hakuna mutu amekula Noeli mu nyumba hii, isipokuwa mimi, na mimi nakula nimesimama, mu sufuria. Mwaka huu nilichinja kuku, nikapika sombe, wali, ndizi, sambaza ya kukaanga. Saa tano niko nimevaa blauzi ya libaya na kitenge, nimekaa, nachungulia dirisha sawa mutoto.

Walifika saa saba. Watu wazuri wa kutazama, koti safi. Nikasali juu ya chakula, na mu sala nikakutaja wewe kwa jina. Steve alikula vizuri, hilo simunyimi. Ghislaine akaniuliza kama mayi ya robinet inafika kila siku. Nikawaza, maskini, anataka kunawa, nikaleta beseni. Akauliza kama jirani ni watu wa amani. Nikamusifu Zagabe mupaka nikaona haya. Akauliza kama udongo wa huku unashika. Nikacheka, nikasema wewe umekuwa muzungu, unaogopa mulima! Maswali yote nilikuwa nayajibu mbio mbio, vile mwanafunzi wa kwanza. Kumbe nilikuwa nauzisha nyumba na kijiko mukononi!

Kisha chakula Steve alipanguza vidole, akaingiza mukono mu koti, akatoa mètre. Ile ya manjano, ya mafundi. Akaanza kupima salon. Akamuambia bibi yake ashike ncha nyingine, na bibi yake akasogeza kiti changu, mimi nikiwa juu yake.

Nikauliza, "Munapima nini?"

Steve akashangaa. "Maman, Placide hakukuambia?"

"Aliniambia munakuja kunisalimia."

Wakatazamana. Ghislaine akaacha ncha ya mètre, ikarudi yenyewe na kelele. Akasema, "Tulikuja kukusalimia pia, Maman." Ule "pia" uliniingia hapa, Placide. Hapa.

Steve, kwa kuwa safari ameshaifanya, akataka kuona vyumba vya nyuma. Nikasimama mbele ya kabati, mikono ku kiuno, nikamuambia hapana. Akauliza kwa nini. Nikamuambia juu ni Noeli. Wakaenda. Lakini mbele ya kwenda, Ghislaine aliosha sahani zote. Nilimukataza, akaosha tu, na alikuwa analia kidogo. Huyo ni mutu, mwanaume wake sijui.

Mimi nilibaki na viti vine vya Zagabe mu salon. Sikuvirudisha mupaka leo. Ulinitumia watu kunipima ku siku ya Noeli, Placide. Ungeniambia ukweli, ningepika tu, lakini ningejua napikia nani.

Jana nilinunua rangi nyekundu. Unajua desturi ya muji wetu: ukuta wenye maneno haya, komisionere haugusi. Nilichora kwanza mistari miwili na chaki, vile ku tableau, halafu nikaandika, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Imeandikwa vizuri sana. Watu wanasimama mu barabara wanasoma.

Kitu kimoja sikuwaza. Ukuta wa namna hiyo unaandikwa na watu wenye wanagombania uriti. Sasa mutaa wote unaamini mimi na wewe tuko mu tribunal. Chef d'avenue, mukubwa wa mutaa wetu, alikuja na uso wa kilio, akaniuliza tunagombana juu ya nini. Nilimuambia angoje siku utakuja, atuulize wote wawili.

Bonané.

Bibiane


Liège, tarehe 9 Januari 2023

Yaya,

Steve aliniletea barua yako, akaniwekea mukononi na hakukaa hata dakika moja. Dany alishatuma picha ya ukuta kabla Steve afike. Unajua vile picha zinatembea? Watu wa Bukavu wa hapa Liège wote wameiona. Ku misa ya Bonané mama mumoja alinivuta ku pembeni, akaniuliza kwa nini namufukuza dada yangu muzee mu nyumba. Mimi! Umenipaka matope mu inchi mbili, Yaya. Nilikasirika sana. Niliandika barua moja, nikaipasua. Nikaandika zingine mbili, nikazipasua. Hii ni ya ine.

Ya ine ni hii. Carine haiko hapa. Tangu mwaka wa 2021 ako Bruxelles na Elodie. Sikukuambia juu ulimupenda, na juu kila barua yako inaanza na jina lake. Mimi nakaa mu chumba kimoja, juu ya fasi wanatengeneza mipira ya magari. Kitanda, meza, dirisha moja. Jumamosi Elodie anakuja na train saa ine ya asubui, na saa kumi na moja namurudisha ku gare. Kulala kwangu watu wa tribunal hawaruhusu, mupaka niwe na chumba chake. Tunatembea mu magasins hatununui kitu. Siku moja aliniuliza kama anaweza kulala kidogo juu amechoka, nikamufunika na koti, nikakaa ku kiti nikimutazama mupaka saa ya train. Kisha muda kidogo atakuwa na marafiki zake, ataacha kuja. Naiona inakuja, Yaya, na sina namna ya kuizuia.

Njo maana ya kuuzisha. Nilitaka nyumba ndogo yenye chumba chake na mulango wake. Hakuna kitu kingine.

Noeli nilikula mukate na sardine. Na ile sombe ya Carine niliipika mimi, nikaila siku tatu.

Nisamehe juu ya Steve. Nilijua nikikuambia utakataa, na niliona haya kuomba. Fanya vile moyo wako unasema. Sitakutumia mutu tena.

Placide


Liège, tarehe 23 Januari 2023

Yaya mupenzi,

Bado jibu lako sijapata, lakini naandika tena juu siwezi kungoja. USIUZISHE. Usisaini kitu na mutu yeyote. Nilikuita ku telefone mara nyingi, haipatikani.

Juzi Elodie aliona picha ya ukuta mu telefone yangu. Akaniuliza nani mwenye anaandika vizuri vile. Nikamuambia ni tante yako, dada yangu, ni mwalimu. Akataka kujua nyumba iko na watu gani, nani anapika, kama kuna kuku. Tuliongea saa mbili, Yaya! Huyu mutoto mwenye ananijibu "oui" na "non" tu. Tulipofika ku gare akasema, "Papa, nataka kuona ukuta." Nilimuita Carine, nikamuomba, na amekubali: likizo ya Pasaka nimulete.

Basi tunakuja. Tikiti nimeshaanza kulipa kidogo kidogo. Tutalala mu chumba changu, Elodie ku kitanda changu kile Baba alichonga, na mimi chini ku musambi. Niandikie kama kitanda bado kiko na nguvu. Na ile rangi nyekundu usiiguse.

Mudogo yako mwenye furaha,
Placide


Bukavu, tarehe 25 Januari 2023

Placide mutoto wa Mama,

Barua yako ya tarehe 9 ilinifikia siku sita zimepita. Pole. Pole sana. Sina neno lingine juu ya Carine, na mu barua zangu sitamutaja tena mupaka wewe umutaje. Kukaa peke yako na kuficha watu ukweli, hiyo kazi naijua. Na mimi niko na yangu. Kaa chini usome.

Nyumba ya vyumba saba haiko. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2019 mvula ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Kwanza niliona ufa mu ukuta wa jikoni, nikaingiza kidole. Jumapili asubui nikaingiza mukono wote. Nikaenda misa kuomba, na nikiwa misa udongo wa nyuma ukaenda. Jikoni, chumba cha Mama, chumba chako, vyote vikaenda ku bonde. Hakuna mutu alikufa chini kule, asante Mungu. Nilirudi nikafungua mulango wa koridori, mbele yangu ikawa hewa tu na migomba ya watu. Kitanda chako nilikiona mbali kule chini, miguu juu. Zagabe alinisaidia kupiga kufuli na kusukuma kabati. Nilimuapisha asiseme.

Kwa hiyo ile "nafagia chumba chako kila Jumamosi" ni uongo. Nafagia koridori mupaka ku mulango, halafu narudi.

Kwa nini sikukuambia? Jiulize ulikuwa unaniuliza nini ku telefone. "Yaya, nyumba inaendelea?" Kila mara ni nyumba. Nikajiambia, siku nitasema imeenda, huyu ataacha kuita. Hatakuwa na sababu ya kuita, na ya kukuja hata kidogo. Niliogopa kubaki bila hata mutu wa kuniulizia nyumba. Voilà, nimesema.

Sasa sikia vile nimefanya. Siku ile ile nilisoma barua yako, nikavaa kitenge, nikaenda kwa Zagabe. Yeye tangu zamani anataka kipande cha mbele, cha barabara, apanue depo yake ya simenti, na ya nyuma anaijua, hakuna kumudanganya. Nikatoa procuration mu Biblia. Chef d'avenue alikuja, jirani wa pande zote mbili wakaweka saini. Zagabe alileta kasiksi, pombe ya ndizi, tukakunywa kufunga mapatano vile inatakiwa, kila mutu kwa zamu yake. Chef akasoma ukuta, akaniuliza, "Na maneno haya, Madame?" Nikaomba chokaa na brosi, nikayafuta mimi mwenyewe. Ilihitaji kupakwa mara tatu, ile nyekundu ilikuwa nzuri.

Bei si ile ya Dany, ni ndogo. Virginie ataipitisha Kigali, yote, na yangu pia. Usibishane na mimi. Tafuta fasi yenye chumba cha Elodie, chenye mulango na dirisha, na siku ya kwanza atalala humo uniandikie.

Mimi mwisho wa mwezi naenda Nyantende kwa Martine. Kuku nimezitanguliza.

Yaya yako,
Bibiane


Nyantende, tarehe 12 Februari 2023

Placide,

Barua yako ya tarehe 23 ilifika ku depo ya Zagabe, yeye akanitumia na mutu wa pikipiki. Yako na yangu zilipitana mu njia. Labda zililala usiku mumoja mu mufuko mumoja kule Kigali.

Niliisoma nimesimama mu kiwanja. Pale kwenye "usiuzishe" nilikaa chini ku udongo, na Martine akatoka mbio akifikiri kuna mutu alikufa. Nilimuonyesha tu tarehe. Siku mbili, Placide. Barua yako ilitangulia yangu siku mbili kuandikwa, lakini saini ilikuwa imeshawekwa kabla ya zote mbili. Nimelia. Na wewe labda umeshasoma yangu sasa. Juma mbili na zaidi hakuna neno, telefone yangu imekufa, hata Virginie hana kitu. Sijui umekasirika, sijui unaona haya. Sijui kama Elodie umemuambia.

Nikuambie vile iko, bila kuficha tena. Zagabe amebomoa. Alianza na ule ukuta wa mbele. Ile avocat aliikata, magari ya simenti yapate kuingia. Huku kwa Martine tuko watu nane mu vyumba viwili. Mimi nalala na watoto wake wawili, wananipiga mateke mupaka asubui. Nilifikiri nikiwa mu watu nitasikia vizuri. Jioni wanaongea maneno yao, ya shamba, ya jirani zao, na mimi nakaa hapo na sahani yangu, hakuna mwenye anajua Baba alikuwa anacheka namna gani. Hakuna, isipokuwa wewe.

Feza usizirudishe. Ni za chumba cha Elodie, hata wewe si zako.

Lakini tikiti ulikuwa umeanza kuzilipa. Ulizilipa juu ya nyumba, juu ya chumba chako na kitanda cha Baba, na mutoto alitaka kuona ukuta. Vyote haviko. Hakuna cha kupima, hakuna cha kusaini, hakuna cha kuriti. Miaka hii yote njo kitu nilikuwa naogopa: kwamba nyumba ikienda, utaona hakuna kitu cha kukurudisha Bukavu. Juu ya hiyo nilifunga mulango na kufuli, nikadanganya, nikapaka ukuta. Sasa nimebaki mimi tu.

Pasaka ni tarehe 9 Aprili. Sitakuuliza tena. Ijumaa Kuu asubui nitakuwa ku mupaka wa Ruzizi, kule watu wa kutoka Kigali wanavukia, upande wetu, na nitasimama pale mupaka saa wanafunga barrière.

Bibiane